Makongolosi: Mtoto anapouliza, ‘Na wale wengine je?’

Safari ya kwenda Makongolosi huanza na baridi. Mbeya mjini, hasa miezi ya Juni na Julai, abiria hupanda gari la asubuhi wamejikunyata ndani ya makoti, kina mama wamejitanda vitenge juu ya sweta, watoto wamefunikwa mpaka puani. Gari likishauacha mji linaanza kupanda. Barabara inajikunja ubavuni mwa milima ya Mbeya, inapita kwenye msitu na mashamba ya viazi, na huko juu kuna mahali ambapo uwanda wa Usangu unaonekana chini, mpana mpaka macho yanachoka. Wenye magari yao husimama hapo kupiga picha.

Kisha barabara inashuka. Ukipita Lwanjilo hewa inabadilika. Sweta ya kwanza inavuliwa, halafu ya pili. Viazi vimebaki nyuma. Sasa ni miti ya miombo pande zote mbili, na joto linaingia dirishani. Chunya ni kilomita 72 hivi kutoka Mbeya. Kutoka Chunya kwenda Makongolosi ni kilomita nyingine 39, na lami siku hizi inafika. Wazee wanaikumbuka njia hii ilipokuwa ya vumbi kiangazi na tope masika, safari ya kutoka na chakula cha siku nzima.

Ni katika safari kama hii mtoto anapouliza maswali. Hana pa kukimbilia, mzazi hana pa kujificha. Swali la kwanza huwa, “Huko tunakokwenda kuna nini?” Na jibu, karibu kila mara, ni neno moja: dhahabu.

Mji wenye hadithi moja

Jibu hilo ni la kweli. Dhahabu ya bonde la Lupa iligunduliwa miaka ya 1920, na miaka ya 1930, uchumi wa dunia ulipoanguka na ajira kukauka, watu walimiminika Chunya kujaribu bahati. Walikuja Wazungu wenye leseni, na walikuja Waafrika wengi zaidi, wengine kwa miguu kutoka mbali, kufanya kazi ya kuchimba na kubeba. Wengi waliondoka kama walivyokuja. Dhahabu haikuisha, na watu hawajaacha kuja.

Makongolosi ya leo ni mji wa watu wa makabila mengi. Wakimbu na Wabungu ni wenyeji wa nchi hii ya Chunya. Wasafwa na Wanyakyusa wameshuka kutoka milimani, Wasukuma wamekuja na ng’ombe wao, na wachimbaji wadogo wametoka Geita, Singida na kwingineko. Wilaya hii inalima tumbaku na kuvuna asali, lakini kwenye vibanda vya chai mazungumzo hurudi kwenye mambo yale yale: duara la nani limetoa, karasha la nani linasaga, bei sokoni imesimamaje. Tangu mwaka 2019 kuna soko la madini Chunya, kwa hiyo hata mtoto wa shule ya msingi anajua kwamba gramu ina bei na kwamba bei hupanda na kushuka.

Pamoja na hayo yote kuna hadithi. Inasimuliwa hivi: fulani alikuwa hana kitu, amekopa mpaka unga, usiku mmoja akaukuta mwamba, na asubuhi akaamka tajiri. Akanunua gari, akajenga. Hadithi inaishia hapo. Anayesikiliza anatikisa kichwa, anakunywa chai yake, anaanza kuhesabu ya kwake.

Tatizo la hadithi hii si uongo. Watu hupata kweli. Tatizo ni kwamba ina mtu mmoja tu, na hata huyo hatumjui. Tunaambiwa gramu zake, gari lake na bati za nyumba yake. Hatuambiwi nani alikuwa juu ameshika kamba wakati yeye yuko chini. Hatuambiwi mkewe alikula nini miezi ile ya kukopa unga, wala wenzake wa duara lile walipata mgao gani, wala ndugu aliyemkopesha alilipwa au la. Wote hao wamepotea katikati ya hadithi, na hakuna anayewaulizia.

Mtoto anayekua na hadithi hiyo peke yake hujifunza kwamba watu wengine ni mandhari tu. Hujifunza pia kwamba shule ni njia ndefu ya kufika mahali ambapo fulani alifika kwa usiku mmoja.

Hadithi hiyo inapomfikia mtoto

Hapa ndipo jambo hili linapoacha kuwa la hadithi tu. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto katika machimbo madogo ya dhahabu Tanzania, yakiwemo ya mkoa wa Mbeya. Walikutwa watoto wanaoshuka mashimoni, wanaobeba na kuponda mawe, na wanaoshika zebaki kwa mikono mitupu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanya kazi za hatari, na uchimbaji madini umo.

Mzazi asiyeijua kazi hii apate picha fupi. Mawe yakitoka kwenye duara hupelekwa kwenye karasha yakasagwa kuwa unga. Unga huoshwa, kisha hutiwa zebaki, ambayo hushikamana na chembe za dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa ili zebaki itoke na dhahabu ibaki. Zebaki hiyo haipotei. Inakuwa mvuke unaoingia kwenye mapafu ya aliyesimama karibu, na hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu. Walio hatarini zaidi ni watoto na mimba tumboni. Kwa hiyo mama akichomea donge jikoni, mtoto aliye mgongoni naye yumo kazini.

Hakuna hadithi inayoweza kuziba shimo au kulipa ada ya shule. Mzazi aliyebanwa na njaa hahitaji kuhubiriwa vitabu. Lakini mtoto huamua mambo mengi kabla hajaulizwa, na huyaamua kwa kutumia hadithi alizonazo. Akiwa na moja tu, ataitumia hiyo. Ndiyo maana inafaa mzazi wa Makongolosi, na mzazi wa mji wowote wenye njia ya mkato, awe na hadithi nyingine mfukoni.

Karani wa Tanga na ndugu watatu

Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, akafanya kazi ya ukarani serikalini sehemu kubwa ya maisha yake, akafariki mwaka 1962. Kitabu chake *Adili na Nduguze* kilitoka mwaka 1952. Ni hadithi ya bahari, wafalme na majini, iliyo mbali sana na machimbo. Hata hivyo mzazi akiisoma akiwa Makongolosi atadhani imeandikwa kwa ajili ya mji huu, maana inaanza na ndugu watatu na mgao wa mali.

Adili, Hasidi na Mwivu wanarithi mali ya baba yao. Wakubwa wawili wanaipoteza sehemu yao; Adili anawagawia tena kutoka kwenye yake. Mwishowe, kwa wivu, wanamtupa baharini. Jini mmoja ambaye Adili aliwahi kumwokoa anamnusuru, na kwa hasira anawageuza wale wawili kuwa manyani. Tena anamwamuru Adili awachape kila usiku. Adili anatii kwa hofu, lakini kila akimaliza kuwachapa anawalisha na kuwabembeleza, na machozi yanamtoka.

Huu si utamu mtupu. Kuna usaliti, kuna mjeledi, kuna watu waliopoteza sura ya utu. Mtoto mdogo akisomewa hapo hunyamaza kabisa. Lakini ni hadithi ya upole, na upole wake uko kwenye jambo moja: mtungaji hakukubali kuwaacha wale ndugu wawili katika unyani. Angeweza. Hadithi ingekamilika vizuri tu: mwema amepata cheo, wabaya wamepata walichostahili, kitabu kimefungwa. Shaaban Robert hakufunga hapo. Alimleta mfalme akamwombea Adili kwa jini, na ndugu wakarudishiwa ubinadamu wao.

Alifanya jambo la namna hiyo hiyo mwaka mmoja kabla, katika *Kusadikika*. Humo Karama anashtakiwa mbele ya mfalme, na katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe waliotumwa nchi za mbali kutafuta mema, wakarudi nayo, wakatupwa gerezani. Siku baada ya siku anamtaja mmoja mmoja. Mwisho Karama anaachiwa huru, na milango ya gereza inafunguliwa kwa ajili ya wale wengine pia. Mtungaji aliyekuwa na haja ya kushinda hoja tu angetosheka na Karama. Huyu aliwarudia mpaka wale waliokwisha kusahauliwa.

Na katika *Utubora Mkulima*, kilichochapishwa mwaka 1968 baada ya kifo chake, alimpa mhusika wake jina ambalo ni pendo tupu, utu bora, kisha akamtoa kwenye kazi ya mshahara mzuri mjini akampeleka shambani kulima. Ni kitabu cha mwendo wa taratibu. Kijana aliyezoea filamu za kukimbizana atapiga miayo kurasa za kwanza. Lakini kwa mtoto anayeambiwa kila siku kwamba mwenye akili hukimbilia penye fedha, kukutana na mtu aliyeziacha kwa hiari yake ni mshangao wa aina yake.

Wapo wanaosema majina haya, Adili, Hasidi, Mwivu, Utubora, yanamaliza hadithi kabla haijaanza, kwa sababu unajua nani mwema na nani mbaya tangu jina. Ni kweli kwa kiasi. Mtoto wa sekondari huligundua mapema na kulicheka. Lakini mwandishi aliyewapachika majina hayo ndiye yule yule aliyemfungulia Hasidi mlango wa kurudi. Jina halikuwa hukumu ya mwisho.

Waandishi wasioweza kuagana

Shaaban Robert hakuwa peke yake katika kuwashikilia watu wake. Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyekuwa mhariri wa magazeti, alimbuni Bwana Msa mwishoni mwa miaka ya 1950: mpelelezi mwenye kiko mdomoni, anayetatua mambo kwa kukaa na kufikiri. Kitabu cha kwanza, *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilichapishwa mwaka 1960. Mwaka 1984 kilitoka *Kosa la Bwana Msa*. Takriban robo karne, na mtu ni yule yule. Wasomaji walikua, wakaoa na kuolewa, wakazaa, na Bwana Msa bado alikuwa akiwasha kiko chake. Mwandishi hakai na mhusika muda wote huo kwa sababu ya mauzo tu. Lazima awe anafurahia kuwa naye chumbani.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, alichapisha *Paradise* mwaka 1994. Tangu 2022 kinasomeka kwa Kiswahili kwa jina la *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Kinaishia kwa kijana Yusuf kukimbilia msafara wa askari wa Wajerumani, na msomaji anabaki mlangoni bila kujua yaliyompata. Miaka 26 baadaye, katika *Afterlives*, Gurnah alimleta Hamza, kijana mwingine aliyejiunga na jeshi hilo hilo. Jina si lile, na mwandishi hakusema ni yule. Lakini wasomaji wengi waliomwonea Yusuf huruma walipata mahali pa kuipeleka. Hamza anapita kwenye vita na jeraha, anarudi pwani, anapata kazi, anapata mke anayempenda. Ndani ya kitabu kilichojaa mauaji ya kikoloni, mapenzi ya watu wawili wanyonge yanaandikwa polepole, bila haya na bila haraka.

Isije ikaonekana kwamba hadithi nzuri lazima imalizike vizuri. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alimwandika Rosa katika *Rosa Mistika*, kitabu cha mwaka 1971, na mwisho wa binti huyo ni mauti. Kitabu kiliwahi kuzuiwa shuleni. Lakini baba yeyote aliyekisoma mpaka mwisho amejiuliza namna anavyozungumza na binti yake. Hicho ni kitabu cha mzazi na cha kijana aliyekwisha kukomaa, na hata humo mwandishi hakumdharau Rosa. Alituonyesha mlolongo mzima uliomfikisha pale, ukianzia kwenye ukali wa nyumbani, ili tusiseme kwa wepesi kwamba alijitakia.

Upole wa mtungaji, basi, hauko kwenye kuficha maumivu. Uko kwenye kukaa na mtu mpaka mwisho wa habari yake.

Walio juu na walio chini

Duara ni shimo linalokwenda chini wima. Mchimbaji hushuka kwa kamba au kwa ngazi za miti, na maisha yake yapo mikononi mwa walio juu: wanaovuta mawe, wanaosikiliza, wanaojua wameingia wangapi na wametoka wangapi. Mchimbaji mzoefu hawezi kushuka kama juu hakuna mtu anayemwamini. Katika Makongolosi hili halihitaji kufundishwa. Watoto wanalijua kabla ya kujua kusoma.

Ndiyo maana wanaielewa haraka hadithi ya Adili. Wao wenyewe ndio huuliza, kitabu kikifika mahali ambapo Adili amekuwa mtu mkubwa na mambo yake yamenyooka: “Na wale wengine je? Wale manyani?” Mtoto anayeuliza hivyo amehesabu waliotoka, ameona idadi haijatimia.

Mzazi asiyekuwa na kitabu asikate tamaa. Vitabu huwa adimu kadiri unavyotoka mjini, na hata vilipo, fedha ina kazi nyingine. Lakini nyumba nyingi za Makongolosi zina hadithi ambayo haijaandikwa: babu aliondoka lini kwao, alipanda gari gani au alitembea siku ngapi, nani alimpokea, alilala wapi usiku wa kwanza, nani alimfundisha kutofautisha jiwe na jiwe. Hadithi hiyo ina watu, na watu hao wana majina ambayo mtoto anaweza kuyashika.

Hata ile ya dhahabu inaweza kusimuliwa upya. Baba mchimbaji anayerudi jioni anaweza kuisimulia nzima: nani alishuka, nani alishika kamba, mama gani aliwapikia kwa mkopo, wenzake walipewa mifuko mingapi ya mawe, yupi aliyeugua akarudi kwao na sasa yuko wapi. Ikisimuliwa hivyo itakuwa ndefu, na yule tajiri wa usiku mmoja atakuwa mtu mmoja kati ya watu kumi. Mtoto atamkumbuka, lakini atamkumbuka na mama wa kupika pia.

Mambo mawili tu ya kuzingatia. La kwanza, mzazi asikimbilie funzo. Hadithi ikiisha, aache kimya kidogo. Mtoto mwenyewe ataleta swali, pengine kesho yake akiwa anafua soksi. La pili, mtoto akitaka hadithi ile ile mara ya kumi, apewe. Hajasahau mwisho. Anarudi kuwaona watu wake, kama Mohamed Said Abdulla alivyorudi kwa Bwana Msa.

Makongolosi jua likizama joto hupungua polepole, vumbi linatulia, na karasha za pembeni mwa mji zinaendelea kusikika. Huu ndio muda wa watu kukaa nje ya nyumba zao. Kuna atakayesema “Hadithi, hadithi!” na watoto wataitikia. Katikati ya masimulizi kuna mmoja, kwa kawaida mdogo kuliko wote, atakayemkatiza msimulizi kuuliza yuko wapi yule aliyeachwa njiani. Mzazi akubali kukatizwa. Amrudie yule aliyeachwa, amlete, ndipo aendelee.